Wifi Yangu na Bendera ya Matofali

"Kijani mashamba, bluu mto, njano biashara!" Kila alipotaja rangi, wifi yangu alichapa meza kwa futi yake ya kupimia. "Hata wenye maduka wana mstari wao. Sisi wa matofali tumewakosea nini?"

"Fundi, mimi nimekuletea kazi, sikukuletea kesi," akajibu katibu wa baraza la mji. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, mchoro mkononi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu anayejua huenda akatimuliwa wakati wowote.

"Umeleta vyote viwili. Hilo baraza lenu limejengwa kwa nini? Kwa mahindi?"

"Kwa matofali."

"Ya nani?"

Katibu akakuna kidevu. "Ya mtaa wa matanuri."

"Basi nionyeshe tanuri kwenye hiki kikaratasi chako."

Mimi nilikuwa kwenye benchi nafumua sketi ya shule ya binti yangu, nimenyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi kuliko kufumua. Huyu fundi ni dada wa mume wangu, kwa hiyo nina ruhusa kamili ya kumsema, na yeye ana ruhusa ya kunisema, na hakuna aliyewahi kuiacha ruhusa yake ilale. Lakini siku ile nilimwacha aendelee, maana nilijua kilichokuwa kinamuunguza.

"Wajumbe wamekubaliana rangi tatu, hazizidi," katibu akasema. "Ukitaka yenu iingie, nyingine itoke, halafu ukawaeleze wenyewe wenye hiyo nyingine. Na bado nakwambia, kahawia haikai kwenye bendera."

"Nani kasema?"

"Umewahi kuiona?"

"Sijawahi. Ndiyo nauliza kwa nini."

Katibu akatazama mchoro wake. Hata mimi nikajikuta nimeacha sketi. Kweli, kwa nini? Watu wote wanakanyaga udongo, wanalima udongo, wanalala ndani ya udongo uliochomwa, halafu wakitaka kujieleza kwa kitambaa wanakimbilia jua na nyota.

Katibu si mtu mbaya. Akaweka mchoro mezani, akasema atarudi Ijumaa kuchukua sampuli, na kwamba wajumbe wataamua wakiwa wanaangalia kitambaa, si wakiwa wanasikiliza kelele. "Jaribu unachotaka, fundi. Ila nina sharti moja. Mtoto wa darasa la kwanza aione mara moja, aende nyumbani aichore. Akishindwa, hiyo si bendera, ni kitambaa cha meza." Akaondoka.

Wifi akaketi. Ukali wote ukamtoka kama upepo kwenye puto.

"Nimeshamwambia mama," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba matofali yamo."

"Wewe! Hata mchoro hujauona unakwenda kumwambia mama yamo?"

"Nilidhani yatakuwamo. Ni nani angeyasahau?"

Sasa niwaeleze, maana msipomjua mama mkwe wangu hamtaona ubaya wa jambo hili. Yule mama amefinyanga matofali tangu usichana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Marehemu baba mkwe alikuwa mwashi. Mke anafinyanga, mume anajenga, wakisutana mchana kutwa nani kamharibia nani kazi. Sasa macho yake yameingia ukungu, anakaa kibarazani akisikiliza mtaa, na aliyopata kuambiwa kuhusu bendera alikuwa ameshayatangaza kwa kila aliyepita mbele ya nyumba. Muuza maji kaambiwa, fundi baiskeli kaambiwa, mpaka wapangaji wapya wasiojua hata tanuri liko wapi. Ikipandishwa bila tofali, mama atakuwa mwongo wa mtaa mzima, na aliyemfanya mwongo ni binti yake.

Binti mwenyewe tunamwita Pindo. Alifundishwa cherehani na mzee mmoja aliyekuwa akishona sare, na kazi yake ya kwanza ya bendera ilikuwa ya timu ya mpira ambayo hata kushinda haikushinda. Tangu hapo akanaswa. Ukitembea naye barabarani, wewe unatazama njia, yeye anatazama juu. Ameshaingia mtaroni zaidi ya mara moja na kila mara anatoka akisema, "Lakini umeona walivyoifunga? Juu chini!" Anajua kwamba upepo hauli bendera katikati, unaanza na ule ukingo wa mbali na mlingoti, uzi mmoja mmoja, kama panya. Ndiyo maana ukingo ule anaupinda mara mbili na kuupiga mishono minne. Mafundi wengine wanapiga miwili. Wanamcheka kwamba anamaliza uzi wa mji. Naye anawaita washona leso.

Na bendera iliyokuwa inashushwa ili hii mpya ipande, hiyo ninaijua kuliko yeye. Ilikuwa nyeupe, mhuri wa baraza katikati, mhuri wenyewe umejaa maandishi kama chupa ya dawa. Ukiwa chini husomi kitu. Ukiwa upande wa pili wa mlingoti ndiyo kabisa, maneno yanasomeka kinyumenyume. Ilikuwa ikipandishwa siku za vikao na siku za wageni tu, siku nyingine inalala kabatini.

Weupe ule ulikuwa shuka yangu.

Ndiyo. Mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza shule, alikuja mgeni mkubwa, na asubuhi hiyohiyo bendera ya baraza ikachanika kamba ilipokwama. Wifi akaja kwangu mbio, hodi hakupiga, akaichomoa kwenye kamba ya kuanikia shuka yangu ya arusi, niliyopewa na shangazi yangu, pamba nzito, bado ina maji. "Nitakurudishia," akaniambia huku anakimbia. Nikabaki nimeshika vibanio. Tangu siku ile kila bendera ikipanda mimi huwaambia walio karibu, "Mnaiona ile? Nimeilalia." Na kila mwaka namkumbusha, na kila mwaka anasema subiri. Kuninunulia nyingine nilimkatalia mwenyewe, nilitaka yangu.

Tuyaache ya shuka. Keshoye wifi akanipitia akanivuta mpaka shule ya binti yangu, watoto wameshatoka. Yeye ndiye anayewashonea sare, kwa hiyo mlinzi alitufungulia bila maswali. Kwenye ukuta wa darasa moja kuna chati kubwa ya bendera za dunia, imepauka upande wa dirishani. Tukasimama mbele yake kama watu waliokuja kuchagua nguo.

"Tafuta kahawia," akaniamuru. "Wewe anza huku, mimi naanza kule."

Nikaanza. Nikaona nyekundu nyingi hata nikadhani dunia nzima imepigana na dunia nzima. Nyota ndiyo usiseme. Kuna nchi zilizo mbali kabisa, ila bendera zao huwezi kuzitofautisha, mpaka nikamwuliza wifi kama walishonewa na fundi mmoja. Ipo moja isiyo hata na pembe nne, imekatwa kama meno mawili ya papa.

"Hii walikosa kitambaa," nikasema.

"Walikosa! Hiyo ndiyo utaijua hata ukiwa unakimbia. Wewe endelea kutafuta."

"Hii nyekundu yao maana yake nini?"

"Damu."

"Na hii?"

"Damu pia. Hii nadhani ni ushujaa."

"Na huyu mwenye nyekundu na nyeupe tu?"

Wifi akasimama akafikiri. "Sijui. Lakini wenyewe wakiulizwa lazima watasema kitu. Mtu hawezi kupandisha kitambaa juu halafu aseme tulipenda tu."

Hilo lilinikaa kichwani. Kipi kinatangulia, kitambaa au maneno? Nimeshona vya kwangu vya nyumbani miaka yote, sijawahi kuulizwa pazia langu lina maana gani.

Kahawia tuliipata kwa shida, na ilikuwa mkuki, au mti, au mnyama, kitu kidogo kilichochorwa juu ya rangi nyingine. Mstari mzima wa kahawia hatukuuona. Wifi akafurahi kama aliyeokota kitu. "Kwa hiyo tutakuwa wa kwanza!"

"Au wenzako walijaribu wakaacha," nikamwambia.

Akanitazama kwa jicho lile. Lakini maneno yalimwingia, maana jioni ile ile alikuwa ameshakata vitambaa vya kujaribia. Njano aliitoa. "Wenye maduka hawana haja ya bendera," akasema, "wana vibao." Akaunga kijani juu, kahawia katikati, bluu chini. Mkononi ilipendeza, niseme ukweli. Kahawia yake aliichagua kwa kuweka tofali bichi pembeni ya kitambaa, dukani, muuza vitambaa ametumbua macho.

Asubuhi tukaenda uwanja ulio karibu na matanuri. Akaifunga kwenye mti mrefu wa kuegemezea ngazi, akauinua kwa bega, akanituma mimi mpaka golini upande wa pili.

"Unaona niniii?" akapiga kelele.

"Naona weweee!"

"Bendera, mwendawazimu!"

Nikakaza macho. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Sikutaka kumwambia nilichokiona. Kule kwa mbali kijani na kahawia na bluu vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja cheusicheusi, na pale katikati palionekana kama pamemwagikiwa chai.

Mpita njia mmoja mwenye toroli akasimama kunishangaa. Nikamwuliza yeye. "Kaka, ile kule ni rangi gani?"

"Ile si nguo imelowa?"

Nikarudi nikamweleza vilevile alivyosema mwenye toroli. Wifi hakuamini, tukabadilishana. Nikaushika mti mimi, akaenda golini mwenyewe. Akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyotaka, bega linaniuma. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, anatazama chini, na kwa Pindo hiyo ni dalili ya ugonjwa.

"Giza karibu na giza," akasema. "Haionekani. Katibu alisema kweli."

"Si katibu. Macho yetu tu."

"Ile njano tuliyoitoa ingeonekana. Kitu chenye mwanga kikikaa na kitu cha giza, ndipo panaonekana." Akaketi juu ya rundo la matofali mabovu. "Sasa nakwenda kumwambia mama nini?"

"Twende tukamwambie ukweli. Mimi nitakuwepo, akirusha kitu kitanipata mimi, mimi ni mnene zaidi."

Hakucheka.

Tulimkuta mama kibarazani. Kabla hatujaketi alishajua. Macho yake hayaoni vizuri lakini nyayo za binti yake anazisoma. Wifi akamweleza yote: chati, uwanja, mwenye toroli. Akamwekea sampuli mapajani. Mama akaipapasa, akafuata mishono kwa kidole.

"Huu mstari umenyooka sana," akasema.

"Ndiyo, mama. Ndivyo inavyotakiwa."

"Baba yako angekucheka. Mshono kama huu ni wa ukuta uliokwisha."

"Umekwishaje?"

Mama akageuza uso upande wangu, maana mimi ndiye ninayepewa masomo nyumba ile. "Mwanangu, wewe hukuzaliwa kwenye matofali. Mwashi akifika jioni kazi haijaisha, haukati ukuta sawa. Anauacha ngazingazi, tofali hili limetokeza, hili limerudi ndani. Yale ni meno. Kesho matofali mapya yanauma pale. Ukiukata sawa, siku ukija kuendeleza, ukuta mpya haushiki, unapasuka palepale penye kiungo." Akarudisha kitambaa. "Mimi rangi sizijui sasa. Kijani na bluu kwangu ni ndugu mmoja. Lakini meno ningeyaona."

Wifi alikuwa ameshasimama. Nyote mnajua mtu akipata wazo anavyofanana na mtu aliyesahau kitu jikoni.

Njiani ndipo aliponieleza, akitembea mbele yangu anapunga mikono. Rangi zibaki tatu zilezile za wajumbe. Njano irudi katikati. Ila pale njano inapokutana na bluu, mwanga unapokutana na giza, mshono usinyooke, upande na kushuka kama ukuta ulioachwa na meno. "Tofali lenyewe halina haja ya rangi yake," akasema. "Lina haja ya umbo. Na mtoto ataichora, ngazi kila mtoto anachora!"

"Haya. Na kushona je?"

Hapo mikono ikashuka, maana kushona ndiko kulikokuwa na kazi. Mshono ulionyooka hata mimi nauweza. Mshono wenye kona, na bendera inaangaliwa pande zote mbili, nyuma hakuna pa kuficha uchafu! Kila kona ya ndani unaikata kwa mkasi mpaka karibu kabisa na uzi. Ukikata pungufu, kitambaa kinajikunja. Ukizidisha kidogo, umetoboa. Cha kwanza alitoboa. Cha pili kikajikunja kama sikio la mbwa. Nilikaa naye nikipiga pasi, na nikasikia matusi ambayo sikujua kama kwao yalijulikana. Cha tatu akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akakisukuma kwangu. Pande zote mbili safi, hujui ipi ya mbele.

Ijumaa tukaenda barazani pamoja. Mimi sikualikwa, lakini nilibeba pasi, na mwenye pasi hazuiwi. Wajumbe wakaitundika sampuli ukutani mwisho wa ukumbi, wakarudi nyuma mpaka mlangoni wakatazama. Nilimwona katibu akichora kitu kwa kidole juu ya kiganja chake. Akatikisa kichwa kwamba inachoreka.

"Hizi ngazi nimezipenda," akasema mjumbe mwenye duka la vifaa vya umeme. "Ni maendeleo. Tunapanda hatua kwa hatua."

"Siyo ngazi, ni matuta," akasema mjumbe mkulima. "Hayo yetu ya mtelemko wa mto."

"Mimi naona mawimbi," akasema mama mmoja wa upande wa mtoni. "Yako juu ya bluu, yatakuwaje matuta?"

Wifi akafungua mdomo. Nilijua kinachokuja na nikamshika kiuno, lakini hakupaza sauti. "Ni meno ya ukuta," akasema. "Ukuta wa matofali ulioachwa uendelezwe kesho."

Wakamtazama. "Hilo nalo zuri," akasema mwenye duka, kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto, na akarudi kwenye maendeleo yake. Wakapiga kura. Mikono yote ikapanda, na kila mkono ulipandia kitu chake.

Nje wifi alikuwa nusu furaha nusu hasira. "Wameipitisha bila kuiona!"

"Wameiona. Wameona ya kwao."

"Sasa maana yake ni ipi?"

Hilo ninalitafakari mpaka leo ninapoandika hapa. Pengine bendera nzuri ni ile ambayo kila mtu anaapa kwamba yumo. Au labda tumedanganyana tu wote kwa pamoja, kwa amani. Nilimwambia akamwulize mama yake. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Waache na ngazi zao," akasema. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Meno yanauma?"

"Utayaona mwenyewe, mama."

Siku ya kupandishwa tulimpeleka mama na kiti chake, tukamweka karibu na mlingoti. Nusu ya mtaa wa matanuri ilikuja, na muuza maji na fundi baiskeli, wote kwa sababu ya maneno ya mama, wamekuja kuhakikisha. Wifi hakuwa na rangi usoni. Ile nyeupe ikashushwa. Hii ikapanda imekunjamana, ikaning'inia tu, upepo hakuna. Muuza maji akasema, "Mama, mbona sioni tofali?" Wifi akanishika mkono akanifinya hadi mfupa.

Kisha upepo ukaja, kidogo, ukashika ule ukingo wa mbali na kuutandaza.

Mama akainua uso. Akakodoa macho yake yale yenye ukungu, kichwa amekiinamisha upande, jinsi alivyokuwa akilitazama tofali kabla hajalipeleka tanurini. Akanyoosha kidole hewani, akakisogeza juu, akakisogeza pembeni, akakisogeza juu tena.

"Hili," akasema. "Na hili limerudi ndani. Na hili." Akamgeukia muuza maji. "Wewe mwenye macho mazima, unaona meno pale au huoni?"

Muuza maji akatazama. "Loo! Kama ukuta wa nyumba ya dada yangu, ulioishiwa saruji."

"Ndiyo huo!" mama akasema, na mtaa mzima wakaanza kuonyeshana.

Wifi akauachia mkono wangu. Akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, halafu akaenda pale mlingotini, akazungumza na katibu maneno mawili matatu, akarudi na kitu amekikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akakiweka mikononi mwangu.

"Shuka yako."

Niliitandaza palepale mbele za watu. Imekuwa nyembamba, weupe wake umekuwa wa maziwa, na katikati mhuri wa baraza na maandishi yake yote.

"Na huu mhuri je?"

"Hiyo ni riba."

"Nilalie baraza la mji mimi?"

"Ulikuwa ukijisifu kwamba bendera umeilalia. Sasa kailalie."

Nikageuza ule ukingo uliokuwa ukipigwa na upepo miaka yote hiyo. Mishono minne, na hakuna uzi uliochomoka hata mmoja. Shangazi yangu aliponipa shuka ile haikuwa na pindo zuri hivi. Nikaikunja, nikaipachika kwapani.

"Haya wifi," nikamwambia, "hatudaiani."